Kumjenga farasi kwa mbio za masafa marefu maana yake nini hasa

Wengi wetu tukisikia mbio za farasi tunafikiria shoti, farasi anatoka mkuku dakika mbili tatu basi imekwisha. Za masafa marefu ni kitu chengine kabisa, zinafika mpaka kilomita 160 kwa siku moja, ile ya Marekani inayoitwa Tevis Cup iliyoanza 1955 unapewa masaa 24 na njia yenyewe milima mitupu. Safari inakatwa vipande na kila kipande kikisha daktari wa mifugo anamtizama farasi, mapigo ya moyo yawe yameshuka (kiwango kinachotumika sana ni 64 kwa dakika) na asiwe anachechemea, akifeli hapo anatolewa hata kama alikuwa anaongoza.

Sasa kumjenga ndo kule kumzoesha mwili kidogo kidogo mpaka aweze kazi hiyo bila kuumia. Moyo, mapafu na misuli vinaitika haraka, miezi michache tu unamuona hahemi tena kwa safari iliyokuwa ikimchosha na wewe unasema huyu tayari. Bado! Kano na mifupa ya miguu inataka mwaka na zaidi, kwa hivo farasi mwenye pumzi nyingi ndo wa kumchunga sana mana anaweza kukimbia kupita miguu yake inavyostahamili. Ndo mana anaanzishwa na kutembea na telki (mwendo wa kati, si kutembea wala si shoti), masafa yanaongezwa mwanzo, mbio baadae, na vyote viwili havipandishwi pamoja. Siku za kupumzika msimnyime, mwili unajijenga wakati ule.

Huku kwetu Zanzibar kuna mawili ya kuyatia maanani. Mchanga laini wa juu pwani pale Paje au Nungwi unazivuta sana kano, bora usubiri maji yatoke upite kwenye mchanga ulorowa ulioshikana, na laini umtie kwa kiasi tu. La pili joto lenye unyevu, hasa kaskazi ikivuma, jasho halikauki na kukauka kule ndo kunakompoza, basi mtoe alfajiri na akirudi mmwagie maji mwili mzima. Tena jasho la farasi lina chumvi kupita damu yake, anapoteza maji na chumvi pamoja kwa hivo kiu haimjii vile inavyotakiwa, utamletea ndoo aiangalie tu na huku mwili umeshakauka. Chumvi kwenye chakula chake ni lazima, na maji apewe kila pahala pa kusimama.

Kujua kama anajengeka usitizame kasi, tizama moyo unavyorudi. Akiwa ametulia unapiga kama 28 mpaka 44 kwa dakika. Baada ya kazi weka vidole kwenye mshipa chini ya taya, hesabu sekunde 15 zidisha mara 4, halafu rudia baada ya dakika kumi, njia ile ile wiki baada ya wiki, na ukiona siku moja yanachelewa kushuka kuliko kawaida yake basi kesho asitoke, mpapase miguu yote minne utafute penye moto au uvimbe.