Je, wajua? Punje za kahawa zinazong'aa mafuta si dalili ya mkahawa mzuri

Msafiri ameshuka Tokyo, Berlin au Oslo na anatafuta kahawa iliyotengenezwa kwa uangalifu. Mkahawa wa kwanza una chombo cha kioo kilichojaa punje nyeusi tii, zinazong'aa mafuta. Wa pili una punje za kahawia, kavu, ambazo mtu angedhani zimetolewa motoni kabla ya kuiva. Wengi huingia ule wa kwanza, kwa imani kwamba mng'ao maana yake kahawa ni mpya, na weusi maana yake ni kali.

La ukali linajibika upesi. Moto wa kukaangia hauipunguzi wala kuiongeza sana kafeini, ile kemikali inayochangamsha. Kinachoongezeka ni uchungu. Anayetaka kafeini nyingi atafute aina ya kahawa iitwayo robusta, yenye takriban mara mbili ya ile ya aina nyingine kuu, arabika, au aongeze kipimo cha kahawa kwenye maji.

Mng'ao ndio wenye kisa. Punje ya arabika ina mafuta yapatayo asilimia 15 ya uzito wake, yamefungiwa ndani ya seli zenye kuta nene. Ikikaangwa, mwanzoni hutokea kilekile kinachotokea kwenye bisi: maji ya ndani yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, shinikizo linapanda, na karibu nyuzi 200 za Selsiasi punje inapasuka kwa mlio unaosikika. Ila punje ya hindi hufumuka mara moja na kazi ikaishia hapo. Ya kahawa hutanuka tu, ikabaki na umbo lake, huku ndani ikiendelea kutengeneza gesi, hasa hewa ya ukaa. Wakaangaji wengi wa kahawa maalumu (ile inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 kwa waonjaji) huitoa motoni muda mfupi baada ya mpasuko huo. Ikiachwa hadi karibu nyuzi 225, husikika mlio wa pili, mwembamba na wa harakaharaka. Safari hii kuta za seli zenyewe ndizo zinazovunjika, na gesi inayasukuma mafuta kupitia nyufa hadi nje.

Kwa hiyo punje inayong'aa ama ilikaangwa sana, ama ilikaangwa wastani kisha ikakaa wiki nyingi mpaka mafuta yakajipenyeza yenyewe. Vyovyote vile, mng'ao hauthibitishi upya. Tena mafuta yaliyo nje hukutana na oksijeni na kuharibika. Hapo ndipo penye kipimo rahisi kuliko vyote: itazame faneli ya plastiki iliyo juu ya mashine ya kusagia. Ikiwa na utando wa kahawia unaonata, punje za leo zinapita kwenye mafuta ya mwezi jana.

Isiwe sheria ya chuma, hata hivyo. Napoli, Italia, hukaanga hadi punje ziwe nyeusi kwa makusudi, na Tokyo kuna mikahawa ya zamani inayokaanga hivyohivyo na kuchuja polepole kwa kitambaa, ikatoa kinywaji kizito kisicho na kasoro. Humo faneli huwa safi.

Dalili ya kuaminika zaidi imeandikwa kwenye mfuko: tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haisaidii kitu. Siku 7 hadi 30 ni kadirio zuri, ingawa hutegemea kiwango cha kukaanga na aina ya mfuko. Iliyokaangwa jana nayo ina tatizo lake: gesi bado ni nyingi, huyasukuma maji, na ladha hutoka bila usawa.

Lebo nyingine hudanganya bila kusema uongo. AA kwenye kahawa ya Kenya au Tanzania ni ukubwa wa punje tu. Na Japani, "Kilimanjaro" ni jina la kibiashara la arabika ya Tanzania iliyooshwa (iliyomenywa na kusafishwa kwa maji kabla ya kukaushwa), hata ile ya Mbinga, ambako mlima huo hauonekani kabisa. Lebo inayosema kitu hutaja eneo, kiwanda au ushirika, aina ya mti wa kahawa, kwa mfano SL28, na namna ilivyosindikwa. Maua ya maziwa juu ya kikombe yanaonyesha ufundi wa maziwa, si kahawa.

Agiza ya kuchuja, isiyo na maziwa. Haina pa kujificha. Kahawa isagwe baada ya wewe kuagiza, mzani uwe mezani, gramu 15 kwa mililita 250, maji ya nyuzi 92 hadi 96, dakika tatu hivi. Onja ikiwa moto, kisha usubiri ipoe, kwa kuwa joto kali huficha kasoro. Kahawa ya Nyeri, Kenya, itakuwa chachu, na ndivyo inavyotakiwa, mradi uchachu uje na utamu. Ukija mtupu, na kahawa nyepesi kama ya kulowekwa, ilisagwa nene mno au maji yalipita haraka. Ikiwa chungu na kukausha ulimi, ilisagwa laini kupita kiasi. Yote mawili hurekebishwa kwa kuzungusha kirekebishi cha mashine ya kusagia kidogo tu, na barista anayeijua kazi yake hatakasirika ukimwomba arudie.