Visiwa vinavyohama: mafunjo, maji na upepo wa Ziwa Naivasha

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Naivasha hutuuliza mara kwa mara: inakuwaje kisiwa kilichokuwa mbele ya gati jana, leo kiko ng'ambo? Wapo wanaosema viboko wamekisukuma, na wapo wanaotaja mizimu. Jibu limo ndani ya mmea wenyewe. Kisiwa hicho hakijashikana na sakafu ya ziwa hata kidogo. Ni mafunjo yanayoelea.

Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria. Ukililinganisha na Viktoria ni ziwa dogo sana, tena la kina kifupi, na maji yake hayana chumvi. Hulishwa zaidi na mito Malewa na Gilgil. Ziwa la namna hii halitulii: miaka ya ukame hurudi nyuma, miaka ya mvua huvamia mashamba na hoteli. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakozaa visiwa.

Habari yote huanzia kwenye ukame. Maji yakirudi nyuma huacha matope mabichi wazi, na hapo ndipo mbegu za mafunjo huota kwa wingi, kwa sababu ndani ya maji marefu haziwezi. Miche hukua ikawa kichaka cha mita nne au tano. Chini yake kuna shina jingine, lile linalotambaa, nene kama kifundo cha mkono. Mashina hayo hufumana na mizizi yakawa mkeka mmoja, uliobeba majani yaliyokufa, tope na wadudu wasiohesabika. Kata bua la mafunjo kwa kisu uliangalie: lina pembe tatu, na ndani ni nyama nyeupe laini iliyojaa vijitundu vya hewa. Lizamishe kwenye ndoo ya maji, litakusukuma mkono. Ukiliachia, litaibuka papo hapo.

Sasa mvua kubwa zinaporudi, ziwa hupanda na mkeka ule hauzami. Hewa iliyomo huuvuta juu mpaka unang'oka matopeni, mwingine ukiondoka na tope lake. Gesi ya methani inayotokana na majani yanayooza hunaswa katikati ya mizizi na kuongeza nguvu ya kuelea. Nguvu ya gesi hiyo si ya kudharau: katika ziwa Derwentwater, kaskazini mwa Uingereza, ambako hakuna mafunjo kabisa, kipande cha sakafu ya ziwa huibuka miaka yenye joto kwa sababu ya gesi, kikakaa juu kwa muda, kisha kikazama tena. Kwetu Naivasha kinachobaki baada ya kung'oka ni upepo. Asubuhi ziwa huwa shwari, alasiri upepo huamka, mawimbi hutikisa ukingo wa mkeka, na kipande kikishakatika huanza safari.

Wengi hutuomba tuviondoe visiwa hivi vyote. Siungi mkono wazo hilo, na nasema hivyo nikijua kwamba gati likizibwa kuna familia inayokosa kula. Mizizi inayoning'inia chini ya mafunjo huchuja tope na mbolea kabla ya maji kufika ziwani, na huwahifadhi samaki wachanga. Katika maeneo ya Ziwa Viktoria, aina kadhaa za fulu, wale samaki wadogo, zilisalimika ndani ya mafunjo, ambako oksijeni ni kidogo mno na sangara hawezi kuwafuata. Naivasha yenyewe imepoteza sehemu kubwa ya mafunjo yake kwa kilimo, mifugo na nyati wanaoingia kula. Kilichosalia tunakihitaji.

Hatari ipo, lakini. Aprili 2020, Ziwa Viktoria lilipokuwa limefura, kisiwa kinachoelea kilifika Jinja kikaziba mitambo ya bwawa la umeme, na Uganda karibu yote ikaingia gizani. Mwezi uliofuata kipimo cha maji ya ziwa kilichoko Jinja kilifika mita 13.42, kikavuka rekodi ya 1964. Miaka ya El Niño, mwishoni mwa miaka ya 1990, visiwa vya namna hiyo viliziba mahali maji yanapotokea Ziwa Kyoga, huko huko Uganda, maji yakarudi kwenye makazi ya watu.

Magugumaji yamezidisha matatizo. Yenyewe huelea tangu kuzaliwa, hayangoji ukame wala tope. Yakikaa mahali pamoja, nyasi nyingine na mafunjo hujipandikiza juu yake, na zulia la majani huwa kisiwa kizito. Hayo ndiyo ya kuondoa mapema, yangali mepesi.

Kwa wavuvi na waendesha boti: msishuke juu ya kisiwa. Panaonekana pakavu, kumbe chini ya majani makavu kuna matundu, na anayetumbukia huzuiwa na mizizi asirudi juu. Viboko nao hupenda kupumzika pembeni mwake. Alasiri usiegeshe boti kati ya kisiwa na ufuko, maana kikisogea kitafunga njia ya kutokea.

Kisiwa kikiziba gati, msikikatekate na kuachia vipande. Kila kipande chenye shina linalotambaa kinaweza kuota kwingine. Kama ni kidogo, kivuteni kizima kwa kamba mpaka kwenye mafunjo yaliyosimama, mkifunge hapo kiungane nayo. Kikiwa kikubwa, toeni taarifa ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuko) iliyo karibu, mkieleza kilionekana saa ngapi, upepo ulikuwa unavuma kuelekea wapi, na kama ni mafunjo au magugumaji, kwa kuwa vifaa vya kuyaondoa si vile vile.