Kiongozi Anapokaa na Walimu: Nani Awepo Chumbani, na Majibu Yarudi Lini

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuandaa mikutano baina ya viongozi wa serikali na walimu wa shule za umma: kupanga nani aalikwe, nani aongoze mazungumzo, na nini kifuate viti vikishaondolewa ukumbini. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika upesi.

Wazo la kumshirikisha mwalimu katika sera si geni. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa serikali uliofanyika Paris chini ya UNESCO, kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani, ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, ambalo linataka vyama vya walimu vitambuliwe kuwa nguvu inayoweza kuchangia sana maendeleo ya elimu na, kwa sababu hiyo, vishirikishwe katika kuamua sera zake. Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994, iliwekwa tarehe hiyo kwa ukumbusho wa tukio hilo. Hata hivyo, OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo la nchi kadhaa, ilipowahoji walimu wa sekondari katika TALIS, utafiti wake wa kimataifa kuhusu walimu, wa 2018, kwa wastani wa nchi wanachama hakufika hata mwalimu mmoja kati ya watano aliyeona kwamba watunga sera wanathamini maoni ya walimu. Nyingi kati ya nchi hizo ni tajiri, kwa hiyo ukata hauwezi kuwa sababu pekee.

Sababu mojawapo ni njia ambayo habari za darasani hupitia. Mwalimu humweleza mwalimu mkuu, mwalimu mkuu humwandikia afisa elimu, afisa huandaa taarifa ya eneo lake, na taarifa hizo hujumlishwa hadi zikawa majedwali wizarani. Katika kila ngazi, anayetaja tatizo huulizwa kwa nini hakulitatua mwenyewe, na hivyo hujifunza kulilainisha. Hakuna anayesema uongo. Kila mmoja hupunguza chumvi kidogo tu, na kinachofika mezani kwa waziri hakina ladha tena. Jedwali litasema mtaala mpya umeanza kutekelezwa katika shule zote, likimaanisha kwamba vitabu vimepokelewa na kutiwa saini. Mwalimu ndiye anayejua kwamba vitabu vilifika muhula ukikaribia kwisha, kwamba semina ya kuwaandaa ilikuwa ya siku mbili, na kwamba mada ya kwanza inadai ujuzi ambao wanafunzi wake, waliopita katika mtaala wa zamani, hawakuwahi kufundishwa. Hilo la mwisho halina safu katika fomu yoyote niliyowahi kuiona.

Kiongozi akitaka kulisikia, hana budi kujali nani mwingine yumo chumbani. Katika mkutano mmoja wa mwanzo niliouandaa, nilikubali wakuu wa shule na maafisa wakae safu ya mbele, kwa kuwa itifaki ilidai hivyo na mimi sikuwa na ujasiri wa kubishana. Walimu walisoma risala nzuri, wakashukuru, wakaomba madawati. Tulipokuwa tunafungasha vifaa, mwalimu mmoja wa darasa la kwanza alinifuata nje akanieleza kwamba zoezi la kupima usomaji wa kila mtoto lilikuwa na fomu nyingi kiasi kwamba alizijaza katika vipindi vilevile vilivyotengwa kwa kusoma. Lilikuwa jambo kubwa kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na kiongozi alikuwa ameshaondoka. Tangu hapo nimeng'ang'ania mambo mawili: wasimamizi wa walimu wasiwemo katika kikao hicho, na walimu wapatikane kwa kura ya bahati nasibu katika orodha ya shule, wasiteuliwe na wakuu wao. Kumi na wawili au kumi na watano wanatosha. Wakizidi hapo, watu huanza kuhutubia.

Kura hiyo pia huwafikia wale ambao mialiko huwapita, yaani walimu wenye mwaka mmoja hadi mitatu kazini. UNESCO imekadiria kwamba dunia inahitaji kuajiri walimu milioni 44 wa msingi na sekondari kufikia 2030, na zaidi ya nusu ya idadi hiyo ni ya kuziba nafasi za wanaoacha kazi. Anayefikiria kuondoka ana habari ambazo mkongwe ameshazizoea hata hazioni.

Swali nalo lina uzito wake. Ukiuliza "changamoto zenu ni zipi?", utapewa orodha ya mishahara, nyumba na madaraja, ambayo ni ya haki lakini wizara inayo tayari. Ukiuliza "somo la jana lilikukwama wapi?", utasikia usilolijua. Wapo wanaodhani kwamba kwa njia hii kiongozi anavikwepa vyama vya walimu, na hofu yao ina msingi, kwa sababu wapo viongozi waliofanya hivyo hasa. Mimi husisitiza kwamba maslahi yajadiliwe na chama katika meza ya majadiliano, na chama kijulishwe mapema kila kikao cha walimu wachache kitahusu nini. Mkutano wa Kimataifa kuhusu Taaluma ya Ualimu, ulioanzia New York mwaka 2011, ulijengwa juu ya msingi huo: mawaziri wa elimu hukaa pamoja na viongozi wa vyama vya walimu wa nchi zao, wakajadili ualimu wenyewe.

Yanabaki majibu. Kabla kiongozi hajakubali kuja, mimi humwomba aahidi karatasi moja, itolewe ndani ya siku thelathini, ambayo kila hoja imepangwa katika mojawapo ya safu tatu: limefanyika, litafanyika kufikia tarehe fulani, au haliwezekani kwa sababu hii. Washauri wake huipinga safu ya tatu, wakiogopa kwamba itawavunja walimu moyo. Nimeona kinyume chake: mwalimu aliyeambiwa waziwazi kwamba darasa lake halitapunguzwa mwaka huu hupanga kazi yake kwa idadi aliyonayo, ilhali aliyeahidiwa jukwaani husubiri, na akishasubiri bure mara moja hasemi tena. Kikao cha pili hufunguliwa kwa karatasi hiyohiyo, nayo husomwa na mwalimu, si na msaidizi wa kiongozi, akianzia safu ya tatu.