Ukomo wa kumdai marehemu si arobaini

Katika hitima ya arobaini iliyosomwa hivi karibuni mtaani Mkomani, hapa Lamu, kahawa ilipokuwa inazungushwa, jamaa mmoja wa marehemu alisimama akamtaka kila anayemdai ndugu yake aseme siku ile ile, kwa kuwa siku ile ndiyo "ukomo wa sheria". Hakuwa na nia mbaya. Kesho yake alikuja muuza mbao na daftari lake la mikopo, na ukurasa wenyewe niliuona: mbao za kukarabatia mashua, tarehe ya miaka miwili nyuma, malipo mawili madogo, kisha mstari wa mwisho ulioandikwa "zimebaki 38,000", na chini yake sahihi ya marehemu. Akaambiwa kwa upole kwamba amechelewa kwa siku moja. Alilikunja daftari akaenda zake.

Hakuchelewa. Ukomo ni muda uliowekwa na sheria ambao ukishapita, mwenye dai hana tena ruhusa ya kulipeleka mahakamani, na nchini Kenya muda huo umo katika Sura ya 22 ya sheria za nchi, yaani sheria ya ukomo wa madai: miaka 6 kwa deni la mkataba, miaka 3 kwa madhara aliyotendewa mtu, miaka 12 kwa kudai ardhi. Hakuna siku 40 popote. Tena hesabu haianzi siku ya mazishi. Huanza siku ambayo deni lilipasa kulipwa na lisilipwe, na mdaiwa akifa katikati, kifo chake hakiirudishi nyuma hesabu hiyo wala hakiikatizi. Aidha, mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au akilipa sehemu yake, miaka 6 huhesabiwa upya tangu siku hiyo, na ndiyo maana mstari ule wa mwisho katika daftari la muuza mbao una uzito kuliko ukurasa wote uliobaki.

Linaloniudhi ni kwamba maneno yenyewe yangetosha kutuzuia tusikosee, lau tungeyasikiliza. Arobaini ni hesabu ya Kiarabu tu, na kwetu imekuwa jina la siku ya kukusanyika na kumwombea maiti. Inahesabu siku za wafiwa. Eda nayo, ambayo wengine huingoja iishe ndipo wazungumzie madeni, inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuhesabu, na kinachohesabiwa ni miezi minne na siku kumi za mjane. Ukomo ni neno letu wenyewe, kutoka kitenzi kukoma, yaani kufika mwisho au kuacha kuendelea, na ndugu yake ni kikomo. (Asomaye aangalie irabu ya mwisho, maana nimekwisha kuona waraka wa familia umeandikwa "ukoma wa madai", na ukoma ni maradhi.) Basi hizi ni hesabu tatu za watu watatu mbalimbali, na anayezichanganya humhesabia mwia, yaani mwenye kudai, siku za mjane na za wafiwa.

Sasa swali linalofuata ni hili: ukomo ukifika, kinachokoma ni nini? Watu husema "deni limekufa". Sivyo. Kinachokoma ni njia ya kwenda mahakamani. Deni lenyewe la fedha halifutiki kwa miaka kupita, na warithi wakilipa baada ya miaka 6 watakuwa wamelipa deni la kweli, hawakutoa sadaka. Ardhi ndiyo tofauti, kwani miaka 12 ikipita na mtu mwingine akiimiliki waziwazi bila ya idhini, sheria huizima hata haki ya mwenyewe. Katika deni la fedha, sheria ya nchi na fikihi hazipishani kama watu wanavyodhani. Aya ya 11 ya Suratu An-Nisaa inaliweka fungu la mrithi baada ya wasia na deni, na Sura ya 160, ambayo ndiyo sheria ya mirathi ya Kenya, nayo inaamuru madeni yalipwe kabla ya mtu yeyote kupewa alichousiwa. Familia inayomwambia mwia kwamba amepitwa na arobaini, kisha ikagawana nyumba na mashamba, imewapa warithi kisichokuwa chao bado.

Zipo siku nyingine ambazo hugeuzwa kuwa ukomo, nazo nitazipitia kwa haraka. Siku 30 zinazotajwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ni za kupinga mtu fulani asipewe usimamizi wa mirathi, yaani hati ya mahakama ya kuishughulikia mali ya marehemu. Miezi 6 inayofuata baada ya usimamizi kutolewa ni muda wa kungoja kabla ya mahakama kuuthibitisha na mali kugawanywa, na mwia mwenye busara hujitokeza ndani ya miezi hiyo, ingawa deni lake halimaliziki hapo. Kesi iliyokuwa imekwisha funguliwa kabla ya kifo ina mwaka 1 wa kumwingiza msimamizi mahali pa marehemu, la sivyo hubatilika. Dai la kashfa hufa pamoja na mtu, na madai mengine ya madhara yana masharti yake ya ziada katika Sura ya 26 ya sheria za nchi, yaani Sheria ya Marekebisho ya Sheria, kwa hiyo mwenye dai la namna hiyo amwone wakili mapema.

Anayeshtakiwa si maiti, wala si mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Ni msimamizi aliyepewa hati na mahakama. Kesi iliyofunguliwa kwa jina la mtu aliyekwisha kufa ni batili tangu mwanzo. Na iwapo familia imekaa kimya bila ya kuomba usimamizi huku miaka ya mwia inakwenda, mwia mwenyewe anaweza kuiomba mahakama iwaite warithi waupokee au waukatae, na ikibidi aombe yeye.

Kwa hiyo namwomba yule jamaa, na wengine watakaosimama katika hitima zijazo, waendelee kutangaza, kwani kutangaza ni jambo jema, lakini neno ukomo waliache. Yatosha kusema: "Anayemdai marehemu amwone fulani, na aje na alichonacho." Na muuza mbao aitwe arudi, daftari lake lifunguliwe, na tarehe iliyo juu ya ile sahihi isomwe.