Wakopti na Wahabeshi hawakuukana ubinadamu wa Kristo

Bado utasikia watu wakisema kwamba makanisa ya Kikopti ya Misri na ya Tewahedo ya Ethiopia yanafundisha Yesu alikuwa Mungu tu, na ubinadamu wake ulimezwa kama tone la siki baharini. Si kweli. Fundisho la namna hiyo lilihusishwa na Eutike, mmonaki wa Konstantinopoli, na makanisa hayo nayo yamemkataa.

Ugomvi wenyewe ulitokota mwaka 451, kwenye Mtaguso wa Kalsedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, na sehemu kubwa yake ilining'inia kwenye kineno kimoja cha Kigiriki. Mtaguso uliamua kwamba Kristo anajulikana "katika" asili mbili, ya kimungu na ya kibinadamu. Dioskoro, askofu mkuu wa Aleksandria huko Misri, ambaye Wakopti humfuata, alikuwa radhi kusema "kutoka" asili mbili, basi. Kwake, "katika mbili" ilinuka mafundisho ya Nestori, askofu aliyeshutumiwa kumgawa Kristo, kana kwamba Kristo amepasuliwa vipande. Aliishika kauli ya mtangulizi wake Sirili: asili moja ya Neno wa Mungu, aliyefanyika mwili. Hiyo "moja" ni ya muungano; ndiyo maana ya neno Tewahedo, kufanywa kuwa kitu kimoja. (Siasa za maaskofu nazo zilichochea moto, tusijidanganye.)

Hadi leo, katika liturujia ya Kikopti, padri hukiri kwamba umungu wa Kristo haukutengana na ubinadamu wake hata kufumba na kufumbua. Mwaka 1973 Papa Paulo wa 6 wa Kanisa Katoliki na Papa Shenouda wa 3 wa Kanisa la Kikopti walitia saini tamko la pamoja: Mungu kamili, mtu kamili.