Je, wajua kwa nini farasi si ng'ombe asiye na pembe?

Mfugaji wa ng'ombe akitaka kujua gharama za farasi, huanza kwa kuuliza bei ya kumnunua. Akishaambiwa, hupiga hesabu ya haraka: wote wawili hula nyasi, wote wana kwato, basi anayemudu ng'ombe wawili hawezi kushindwa na farasi mmoja. Bei ya kununua hulipwa mara moja tu, na farasi huishi miaka 25 hadi 30, kwa hiyo hiyo tuiweke kando. Hesabu ya pili, ile ya nyasi na kwato, ndiyo inayowaponza watu, na kasoro yake imo tumboni mwa mnyama.

Tofauti haipo kwenye wingi wa chakula. Farasi wa kilo 500 huhitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kama kilo 10 za nyasi kavu. Ng'ombe wa maziwa hula zaidi ya hapo. Tofauti iko kwenye mpangilio wa viungo.

Ng'ombe huchachusha kwanza, kisha humeng'enya. Nyasi huingia kwenye rumeni, mfuko unaoweza kubeba zaidi ya lita 100, ambamo bakteria huvunja nyuzinyuzi. Baadaye mchanganyiko wote, bakteria wakiwemo, hushuka kwenye tumbo lenye asidi na utumbo mwembamba, na ng'ombe huwameng'enya bakteria hao wakawa protini yake. Farasi amepangwa kinyume. Tumbo lake ni dogo, lita 8 hadi 15 tu. Utumbo mwembamba unafuata. Sehemu ya kuchachushia, yaani sikamu (mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana) na utumbo mpana wenyewe, iko mwisho kabisa.

Fikiria nyumba ambayo meza ya kulia imewekwa kabla ya jiko. Chakula kinaletwa mezani kikiwa kibichi. Walaji wanachukua kinacholika hivyo hivyo, kama sukari, wanga na protini laini. Kilichobaki kinapelekwa jikoni, kinapikwa vizuri sana, na mlango unaofuata baada ya jiko ni wa kutokea nje. Mpishi hana lawama, ila chakula kimeiva wakati meza imeshapitwa. Tusimdhulumu farasi, lakini: mchuzi hunywewa palepale jikoni. Asidi zinazotokana na uchachushaji hufyonzwa na ukuta wa utumbo mpana, na kwa farasi anayeishi kwa nyasi ndizo chanzo kikubwa cha nguvu. Minofu, yaani protini ya bakteria, ndiyo inayotoka nje kwa sehemu kubwa.

Mpangilio huo ndio unaozaa orodha ya matumizi. Rumeni hukaa mbele, hivyo bakteria wa ng'ombe hupata nafasi ya kuvunja sumu kadhaa kabla hazijaingia mwilini. Farasi hana kinga hiyo. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo nyumbani kwetu mara nyingi huishia kwa mifugo, yanaweza kuwa na fumonisini. Sumu hiyo huozesha ubongo wa farasi, ilhali ng'ombe huistahimili kwa kiasi kikubwa. Nyasi zilizovunwa mbichi zikafungwa kabla ya kukauka hazimfai. Mwenye farasi hununua robota safi, la kijani, lisilo na vumbi, na hulipa bei ya kwanza hata msimu wa ukame. Robota la kilo 12 hadi 15, kwa kilo 10 kwa siku, ni marobota 250 hadi 300 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya mahali ulipo, kisha ongeza yale yatakayokanyagwa.

Tumbo dogo nalo lina madai yake. Linatoa asidi mfululizo, kuna chakula au hakuna, kwa hiyo farasi aliyeachwa na njaa saa nyingi hupata vidonda vya tumbo. Hawezi kufidiwa kwa ndoo ya nafaka jioni: zaidi ya kilo 2 hivi kwa mlo mmoja, wanga huushinda utumbo mwembamba na kumwagikia kwenye sikamu. Huko bakteria huuchachusha kwa kasi, asidi hupanda, na matokeo ni msokoto wa tumbo au uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlemaza kabisa. Na farasi hawezi kutapika; mlango wa juu wa tumbo lake umebana mno. Kinachoingia kimakosa lazima kisafiri njia nzima, pamoja na kona nyembamba ya utumbo mpana ambako chakula kikavu hupenda kukwama. Ndiyo maana maji, lita 25 hadi 50 kwa siku, si jambo la kubahatisha.

Vitu vya bandani kwa ng'ombe vinaweza kumuua farasi. Monensini, inayotiwa kwenye baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku, huharibu moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Amitrazi, dawa ya kawaida ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, hupunguza mwendo wa matumbo yake mpaka yakafunga. Pumba nyingi nazo ni hatari ya polepole: zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mifupa ya uso huvimba kadiri mwili unavyojitolea kalsiamu. Nyasi kama setaria na kikuyu huongeza tatizo hilo, kwa kuwa oksaleti iliyomo huishika kalsiamu isifyonzwe. Dawa yake ni alfalfa kidogo au chokaa ya mifugo, kwa kipimo.

Kwato ni hesabu fupi. Hukua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hukatwa kila wiki 6 hadi 8, na fundi mwenye ujuzi huo ni adimu, hivyo unalipa na nauli yake. Meno husawazishwa mara moja kwa mwaka.

Halafu kuna wadudu. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi wanaouma zaidi kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, na katika mkondo wake mkali huua farasi wengi kuliko wanaopona. Kuna chanjo hai iliyodhoofishwa, lakini ulinzi wa pili ni kumfungia ndani usiku. Hapo gharama zinaanza kuzaana: farasi wa bandani hachungi, basi anahitaji nyasi za usiku, anahitaji maranda ya kulalia, hutoa kilo 15 hadi 25 za mavi kwa siku, na mavi yasipoondolewa huwavuta wadudu walewale. Saisi, yaani mtunza farasi, wa kila siku anakuwa wa lazima. Penye ndorobo, yaani mbung'o, hata banda halitoshi. Mara nyingi husemwa kuwa mbung'o ndiye aliyewazuia farasi kuenea bara. Huenda, ila visubi nao wanastahili sehemu yao ya lawama.

Kuna pingamizi moja ambalo maelezo haya ya tumbo hayana budi kulikubali. Punda wa Lamu ana mpangilio uleule wa viungo, jiko nyuma ya meza, na bado hafilisi mtu. Yeye ni mdogo kuliko farasi, husaga nyuzi ngumu kwa ufanisi zaidi, hutunza maji vizuri, na ugonjwa wa farasi wa Afrika kwa kawaida humpitia bila dalili. Tumbo, basi, linaeleza kwa nini farasi hawezi kulishwa kama ng'ombe. Halielezi bili yote.

Anayenunua hata hivyo, amuulize muuzaji jambo ambalo wengi husahau: mnyama alikuwa akila nini wiki iliyopita. Bakteria wa sikamu wamezoea chakula hicho, na chakula kipya hubadilishwa kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14, robo baada ya robo. Anayenunua farasi bila kuchukua marobota machache ya kule atokako, mara nyingi bili yake ya kwanza ni ya daktari wa mifugo.