Eti bresi ya mguu inalegeza misuli. Nani kawaambia?

Jana tena. Mzee ana stroku ya miezi mitano, kaja na binti yake, AFO, yaani bresi ya kifundo na unyayo, niliyomtengenezea mwezi uliopita iko kwenye kiroba, nyeupeee kama ilivyotoka. Nauliza mbona havai, binti anasema dokta, jirani katuambia hicho kitu kinalegeza misuli, bora mguu ujizoeze wenyewe. Sikujibu, nikageuza kiatu cha kulia: ncha ya mbele imelika mpaka mshono unaonekana, kisigino kizima kama cha dukani.

Hicho kiatu ndo jibu. Msuli wa mbele ya ugoko, ule unaonyanyua unyayo, umelala kwa sababu ubongo hauupelekei taarifa za kutosha, sio uvivu. Akitembea bila bresi msuli huo haupati mazoezi ya maana, inayojizoeza ni nyonga, maana ili vidole visikwaruze chini inabidi aipandishe nyonga au auzungushe mguu mzima kama anafyeka majani, na akifika kwenye ukingo wa mkeka anajikwaa. Huku nyuma misuli ya shavu la mguu inakaza na kufupika, siku zinaenda, kifundo kinaganda, halafu ndo mnaniletea eti ninyooshe. Kifundo kilichoganda AFO hainyooshi jamani, hapo ni kufungwa plasta ngumu awamu kwa awamu au upasuaji.

Inachofanya bresi ni kushika unyayo usining'inie mguu ukiwa hewani, na mguu ukitua kifundo kisipindukie ndani. Mtu asiyeogopa kuanguka anatembea zaidi, na hapo ndo paja na nyonga vinafanya kazi kweli. Nakubali kitu kimoja, ile ngumu isiyopinda inazuia pia kifundo kujisukuma mbele, ndo maana mwenye shida ya unyayo kuning'inia tu namfanyia ile nyembamba kwa nyuma, inayonesa kidogo. Na mazoezi hayajafutwa: ukikaa vua, fanya aliyokuonyesha fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, ukisimama vaa.

Wengine wanasema bresi ni ya kifundo, goti haliihusu. Linahusika sana! Shavu la mguu likiwa dhaifu ugoko unaangukia mbele na goti linakunjika, bresi ngumu yenye bamba mbele ya ugoko inauzuia usiende huko, goti linanyooka. Ndo maana nagombana na watu kuhusu viatu kila wiki, maana nikishaiseti kwa kisigino cha urefu fulani, wewe ukaenda kuvaa kirefu zaidi goti linasukumwa mbele, ukivaa kifupi zaidi linarudishwa nyuma, kisha lawama kwa fundi. Siku ya vipimo njoo na kiatu utakachovaa, cha kamba, sio cha kutumbukiza.

Bresi ya kaka mtu haimfai mdogo wake. Tunachukua umbo la mguu wa mtu mmoja kwa plasta, na mtoto akikua anapimwa upya.

"Ikiuma utazoea." Hapana. Vaa soksi ndefu isiyo na mikunjo, ukivua angalia ngozi, wekundu usiopotea ndani ya nusu saa rudi nikupunguzie bresi hapo inapobana, hasa wewe wa kisukari ambaye miguu imekufa ganzi.

Mzee nilimvalisha palepale, katembea korido kwenda na kurudi, vidole havikwaruzi, halafu akaniuliza kama anaweza kuivalia na kandambili.